Wauza polishi za gari, semeni ukweli: chupa zenu zinaficha mikwaruzo, haziiondoi!

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi ni wa hasira na sitazunguka.

Nimechoshwa na hizi polishi zinazoandikwa kila sifa njema kwenye lebo. Inaondoa mikwaruzo. Inarudisha mng'ao wa kiwandani. Inalinda rangi mwaka mzima. Yote hayo kwa mpako mmoja na kitambaa! Ukigeuza chupa utafute inafanyaje hayo, hukuti neno. Na mtu anayepolishi gari lake mwenyewe nyumbani anahitaji kujua hilo kabla ya jambo lingine lolote: hiki ninachopaka kinasaga rangi, kinaziba nyufa, au kinakaa juu tu?

Nieleze kwa wasiofuatilia mambo haya. Gari la kisasa lina praima juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, ule utando usio na rangi unaoleta mng'ao. Kwa magari mengi yaliyotoka kiwandani, tabaka zote hizo kwa pamoja ni kama mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una wastani wa mikroni 70 hivi. Maana yake klia yote iliyo juu ya boneti yako ni nyembamba kuliko unywele. Ile mikwaruzo ya duara unayoiona gari likiwa juani imo ndani ya klia hiyo, na njia ya kuiondoa ni moja: kusaga klia ya pembeni mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Ndiyo kazi ya kompaundi (dawa nzito ya kusaga) na polishi halisi, na kila unapoifanya klia inapungua, hairudi. Mkwaruzo unaokwama kwenye kucha ukipitisha kidole mara nyingi umeshakwenda kina ambacho hupaswi kukifukuza.

Sasa njoo kwenye chupa niliyouziwa. Muuzaji aliniapia kwamba inatoa mikwaruzo kabisa. Gari ni jeusi, na mnajua rangi nyeusi haina siri. Nilipaka nikafuata maelekezo yote, boneti ikawaka kweli. Baada ya kuosha gari mara chache, mikwaruzo yote ikarudi palepale ilipokuwa. Ikabidi nipime. Nikapolishi boneti upya, nikabandika utepe wa karatasi katikati, upande mmoja nikaufuta kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, upande wa pili nikauacha. Nikazima taa, nikamulika tochi kwa mshazari. Upande ambao haukufutwa ulikuwa laini kama kioo. Upande uliofutwa, mikwaruzo ilikuwepo yote, duara juu ya duara, mpaka ule mrefu wa karibu na taa ambao naujua kwa sura. Utepe ulipokuwa umepita pameachwa mstari, ungeweza kuuona umesimama mbali. Hakuna kilichoondolewa. Ni mafuta na vijazio vimeingia kwenye nyufa, mwanga ukapita bila kutawanyika, jicho likadanganyika.

Vijazio si haramu. Kuna mtu anataka gari liwake wikiendi hii kwenye harusi, na hiyo inamtosha. Kuna mwenye klia iliyobaki kidogo sana, na kuziba ni salama kwake kuliko kusaga. Basi waandike! Wakiandika "inafunika mikwaruzo kwa muda", nani atalalamika?

Lakini kilichonipandisha hasira mpaka nikafungua uzi ni jibu nililopewa niliporudi dukani. Naambiwa sikusugua vya kutosha, nitafute mashine nikandamize. Hapo ndipo watu wanapoharibiwa magari. Bidhaa haisagi, mteja anaambiwa aongeze nguvu, haoni mabadiliko, anatafuta kompaundi kali, anaazima mashine ya mzunguko mmoja ile ya mafundi rangi, na hakuna aliyemwambia kwamba mashine hiyo inakusanya joto mahali pamoja. Kwenye kingo za mlango, kwenye mikunjo ya boneti na kona za bampa, rangi kwa kawaida ni nyembamba zaidi, na mashine ikitulia hapo kidogo tu klia inaondoka. Ikishaondoka hakuna chupa itakayoirudisha. Klia ndiyo yenye kinga ya mionzi ya urujuanimno. Ikiisha, rangi iliyo chini inapauka kwa jua na kuanza kumenyeka, na dawa yake ni kupiga rangi upya sehemu ile nzima. Anayelipia ni nani? Si aliyesema "kandamiza".

Mtu wa nyumbani anayetaka kutumia mashine atafute ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba. Joto lake ni dogo na inasamehe. Aanze na polishi laini na pedi laini kwenye kipande kidogo, afute kwa alkoholi, aangalie kwa tochi, ndipo aamue kama anahitaji kitu kikali zaidi. Gari likiwa kivulini, bati likiwa la baridi. Na asipolishi gari ambalo halijaoshwa vizuri, maana vumbi lililobaki ndilo litakalokwaruza upya. Mbona haya hayapo kwenye lebo? Ni mistari michache tu.

Wenye video za dawa ya meno nao nisiwasahau. Dawa ya meno ina chembe za kusaga, ndiyo, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya jino, hazikupimwa kwa klia ya gari. Unasugua bila kujua unatoa kiasi gani, na mara nyingi unaacha ukungu mpana mahali palipokuwa na mstari mmoja. Halafu mpiga video anamwagia maji, anarekodi panel ikiwa imelowa. Kila mkwaruzo mwepesi hupotea ukilowa! Kausha kwanza, ndipo utuoneshe.

Tuje kwenye seramiki, ule utando wa kinga wa maji unaopakwa juu ya klia ukagande, maana huko ndiko uongo umehamia. "Ugumu 9H, gari halikwaruziki tena." Hiyo 9H inatokana na kipimo cha penseli: unachukua penseli za ugumu tofauti, unazisukuma juu ya utando, unaangalia ipi itauchubua. 9H ndiyo mwisho wa penseli kwenye kipimo hicho. Haihusiani na kipimo cha Mohs cha madini, ambacho kinaishia 10 kwa almasi na ambacho wauzaji wanataka ukidhani ndicho. Mchanga wa kwatzi, unaopatikana kwenye vumbi la kawaida la barabarani, uko 7 kwenye kipimo hicho cha madini. Ukisugua gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu, utalikwaruza, liwe na seramiki au lisiwe nayo.

Seramiki ina faida zake na mimi nazikubali: maji yanateleza, uchafu unatoka kirahisi, kinyesi cha ndege kinachelewa kuumiza klia, na inadumu kuliko nta. Nta ya karnauba, ile inayotokana na majani ya mchikichi, hata iwe nzuri kiasi gani, usitegemee zaidi ya wiki kadhaa au miezi michache. Ila muuzaji wa seramiki aseme pia kwamba ukiipaka juu ya mikwaruzo umeifungia mikwaruzo ndani, na kwamba ukichelewa kufuta ziada inaganda madoa, na kuyatoa ni kurudi kwenye kusaga. Mtu anaambiwa tu "paka, futa, sahau". Asahau nini, wakati klia yake ndiyo italipa?

Ninachodai kwa watengenezaji na wauzaji ni kidogo. Andikeni kama chupa inasaga, inaziba au inalinda. Kama inasaga, andikeni ukali wake na pedi inayofaa. Kama inafanya yote kwa pamoja, semeni kwamba kila moja inafanya kwa kiasi. Na muuzaji asiyejua aseme hajui, kuliko kumwagiza mteja mashine.

Wakuu mnaopolishi wenyewe nyumbani, naomba tusaidiane hapa chini. Chukua polishi uliyonayo, paka kipande kidogo, futa kwa alkoholi na maji, mulika tochi. Andika rangi ya gari lako ni ipi, ulitumia mkono au mashine, na mikwaruzo imerudi au haikurudi. Picha ziwe za panel kavu, kabla na baada ya kufuta. Mimi naweka za boneti yangu jioni.