MJADALA: Kituo cha vijana Dar kijiendeshe kwa kukodisha ukumbi, au jiji libebe gharama?

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa bajeti ukikaribia, wazo la kuwajengea vijana wa jiji hili kituo chao huibuka tena, na mimi ni mmoja wa wanaolitaka kwa moyo wote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Pita Buguruni au Vingunguti saa kumi na moja jioni uone vijana walivyojaa: barazani, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye vibanda vya kubeti. Kwamba kituo kinahitajika, sidhani kama tutabishana. Tubishane juu ya jambo ambalo huwa tunaliacha mpaka utepe ukatwe: umeme, maji, mlinzi na fundi wa kompyuta, nani analipa?

Jibu jepesi linalotolewa ni "kituo kijiendeshe". Maana yake ukumbi ukodishwe. Mimi napinga, na naomba tulimalize hili kabla hata hatujataja kiwanja.

Angalieni inavyokwenda. Ukumbi wa watu mia tatu katika jiji hili una soko la uhakika Jumamosi: sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara. Msimamizi aliyeagizwa kuleta makusanyo kila mwezi ataanza na Jumamosi moja. Wapambaji nao wanataka waingie Ijumaa jioni kufunga vitambaa, kwa hiyo kikundi cha maigizo kinaambiwa kije wiki ijayo. Jumapili asubuhi viti havijachukuliwa, sakafu inanata soda, mabinti wa netiboli wanaelezwa wasubiri. Baada ya muda vijana wanabakiwa na Jumatatu hadi Alhamisi, saa za kazi. Na saa za kazi serikalini zinaisha 9:30 alasiri, wakati mwanafunzi wa sekondari ndiyo kwanza anagombania daladala na dogo wa gereji bado yuko chini ya gari. Kijana hakufukuzwa na mtu, lakini kila anapopata nafasi ya kwenda anakuta geti limefungwa.

Kituo cha afya cha kata hakiambiwi kikodishe wodi ili kinunue umeme wa LUKU. Tunakubali kwamba ni huduma, tunailipia. Kituo cha vijana nacho kiandikwe hivyohivyo: kifungu chake kwenye bajeti ya halmashauri, kila mwaka, kipitishwe na madiwani hadharani.

Najua atatokea wa kusema mbona kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ipo, na nne kati ya hizo ni za vijana, nne za wanawake, mbili za watu wenye ulemavu. Lakini hiyo ni mikopo ya vikundi. Ilisimamishwa 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejea 2024, na inabaki kuwa fedha ya kukopwa na kurejeshwa. Mshahara wa mlinzi hauwezi kutoka humo.

Mifano ya kujifunza tunayo. Pale Kidongo Chekundu, kiwanja kilifanywa bustani ya michezo ya vijana iliyopewa jina la Jakaya Kikwete, ikafunguliwa Oktoba 2015 kwa ubia wa kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Soka na mpira wa kikapu vilipata mahali. Yule anayetaka kusoma, kushona au kurekodi sauti bado hajapata. Mikocheni wako Nafasi Art Space, tangu 2008, eneo la viwanda vidogo, wasanii wakifanyia kazi kwenye maghala na makontena. Kumbe si lazima tuanze na jengo la ghorofa. Mfano unaonigusa kuliko yote uko Mathare, Nairobi. Chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilianza 1987, na timu zake zikawa zinapata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao. Kule vijana hawakualikwa kuja kutumia kitu cha watu wengine. Ligi waliiendesha wenyewe, kuanzia ratiba mpaka usafi.

Ninachopendekeza: kituo kifunguliwe saa nane mchana hadi saa tatu usiku, Jumamosi na Jumapili siku nzima, na wikiendi ukumbi usikodishwe kwa shughuli yoyote ya nje. Kamati ya uendeshaji iwe na vijana zaidi ya nusu. Karibuni.

Mchangiaji wa Kiwalani

Mkuu, nia yako njema, ila jiji lina mifereji iliyoziba na madarasa yanayosubiri madawati. Diwani wangu akiambiwa achague kati ya kalavati na bili ya umeme ya kituo, atachagua kalavati, na nitampigia makofi. Kukodisha si dhambi. Shida ni fedha inakokwenda. Mteja analipa kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), pesa inaingia mfuko mkuu wa halmashauri, kisha LUKU ikikata msimamizi anaandika dokezo na kusubiri. Makusanyo ya ukumbi yakibaki kwenye akaunti ya kituo, hata Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha mambo mengi.

Mama wa Tabata

Mnazungumza saa tatu usiku kama vile watoto wote ni wa kiume. Binti yangu wa miaka kumi na saba hatatoka hapo saa tatu akakate kichochoro kisicho na taa. Mimi nataka asubuhi za Jumamosi ziwe za wasichana peke yao, choo chao kiwe na maji na komeo la ndani, na pawepo chumba cha waliozaa wakiwa wadogo kuja na watoto wao. Nimeona viwanja vingi vya "vijana" ambavyo wasichana ni watazamaji tu.

Fundi wa Buguruni

Meza ya pool hainilishi. Tupeni karakana: mashine ya kuchomelea, cherehani, meza ya kutengeneza simu. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kipo lakini si kila mtu ana ada wala muda wa kozi nzima. Mimi nataka mahali pa kushika mashine saa mbili baada ya kazi, pana mtu wa kunielekeza. Hapo kila siku mtanikuta.

Mleta mada

Mama wa Tabata, nachukua yote matatu, na la komeo liandikwe kwenye mchoro kabla mkandarasi hajaitwa, kwa sababu likiachwa kuwa la kurekebisha baadaye halifanyiki. Fundi, karakana ndiyo chumba ambacho ningekipa nafasi kubwa kuliko ukumbi wenyewe. Tena ukumbi mdogo hauvutii harusi, na hilo peke yake ni ulinzi.

Ndugu yangu wa Kiwalani, kuhusu akaunti nakubaliana nawe kabisa: fedha ya kituo ibaki kituoni. Ila siachii Jumamosi, hata moja. Ile moja itakuwa mbili siku bajeti ikibana, na bajeti hubana kila mwaka. Kama lazima tukodishe, tukodishe asubuhi za katikati ya wiki, kwa semina na mikutano, wakati vijana wako shule na kazini. Makalavati nayo nayataka, lakini vijana wanaoshinda kijiweni ni wa mtaa uleule.

Limebaki gumu ambalo hakuna aliyeligusa: hao vijana wa kwenye kamati watachaguliwa na nani? Sheria ya Baraza la Vijana ilipitishwa 2015, na miaka mingi ikapita bila baraza lenyewe kuundwa. Tukimwachia mtendaji wa kata, atateua anaowajua. Tukiwaachia vyama, kituo kitakuwa tawi la chama. Nafikiria uchaguzi kwenye mkutano wa mtaa, kila mtaa mjumbe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, kwa miaka miwili. Mwenye njia iliyo bora aiweke hapa, na hasa nawasubiri ninyi mlio chini ya miaka ishirini.