Kati ya wanaume na wanawake, nani chiriku zaidi?

Wakuu, naleta hoja. Mwanamke akiongea sana ni chiriku, ana mdomo, ana umbea. Mwanaume akiongea saa nzima kijiweni, huyo "anachambua". Mimi nasema tunawaonea.

Februari 2021, Yoshiro Mori, waziri mkuu wa zamani wa Japani aliyekuwa akiongoza kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, alisema vikao vyenye wanawake wengi huchukua muda mrefu. Haikufika wiki mbili akajiuzulu, na kiti kikachukuliwa na mwanamke, Seiko Hashimoto. Alisema hadharani kile ambacho wengi wetu tunakisema chini ya mwembe.

Kisha kuna ile hesabu maarufu: mwanamke maneno 20,000 kwa siku, mwanaume 7,000. Ilivuma sana kupitia kitabu cha daktari mmoja Mmarekani mwaka 2006. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Matthias Mehl na wenzake wakaipima kweli. Waliwavalisha wanafunzi 396 wa vyuo vya Marekani na Meksiko vinasa sauti vilivyojiwasha vyenyewe kila baada ya dakika chache. Wanawake walipata wastani wa maneno 16,215, wanaume 15,669. Tofauti ni kama 550. Kwetu hizo ni salamu tu, bado hujaulizia mifugo.

Karibuni mnipinge.

Kijana wa Tandika: Mada yenyewe ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Na wewe ni mwanaume, sivyo?

Mzee wa Kahawa: Mleta mada umekata habari katikati. Utafiti huo ulirudiwa, matokeo yakatoka 2025, safari hii watu zaidi ya 2,000 wa rika mbalimbali. Kwa vijana na kwa wazee, wanawake na wanaume hawakutofautiana sana, lakini kati ya miaka 25 na 64 wanawake waliwazidi wanaume kwa maneno kama 3,000 kwa siku. Wanafunzi wa chuo si kipimo cha watu wenye nyumba zao. Wahenga hawakukosea.

Mama wa Watatu: Baba, shikamoo. Umri huo ndio wa kulea, na watafiti wenyewe waliligusia hilo. Njoo asubuhi nyumbani kwangu uhesabu: vaa viatu, nimesema vaa viatu, hicho si chako, daftari liko wapi, vaa viatu! Baba yao wakati huo anatafuta chaja, kimya kabisa, mstaarabu. Hayo maneno 3,000 yachukueni ninyi, mimi nipumzike.

Mzee wa Kahawa: Marahaba mwanangu. Viatu nakubali. Na simu ya saa mbili na shoga yako je?

Mweka Hazina: Mnapima nyumbani, pimeni kikaoni. Kamati za harusi nilizokaa, mwenyekiti mwanaume anafungua, anasimulia alivyooa yeye, anasema "kwa kumalizia" halafu anaanza upya. Sisi wanawake tunapewa nafasi ikifika zamu ya pilau na sare. Hata huyo Mori alilalamikia vikao, hakulalamikia jikoni. Napendekeza kila mjumbe dakika tatu, saa iwekwe mezani, tuone nani atakatwa kauli kwanza.

Kijana wa Tandika: Dakika tatu hazimtoshi mjomba hata kutambulisha ukoo.