Mgeni alimuuliza mchungaji wetu habari za fedha mbele ya baraza, nianzie wapi?

Katibu wa Ushirikiano
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni katibu wa kamati ya ushirikiano katika usharika wa Kilutheri huku Nyanda za Juu Kusini, na marafiki zetu wa Marekani walituchangia fedha za kuchimba kisima. Walipotutembelea mwezi uliopita, kiongozi wao alisimama mbele ya baraza la wazee, karatasi mkononi, akamuuliza mchungaji kwa nini shilingi milioni 3 hazina risiti. Mchungaji aliinamisha macho, akajibu, "Tutaliangalia," kisha akaagiza chai iletwe. Mgeni alidhani anafichwa jambo. Wazee waliona baba yao amevuliwa nguo mbele ya watoto. Ukweli ni kwamba fedha zile ziliezeka upya nyumba ya mwinjilisti iliyong'olewa bati na upepo, na kila mzee analijua hilo. Tangu siku ile mchungaji hajibu barua pepe zao, nao wanasema watasitisha mchango. Naomba ushauri.

Mzee wa Kanisa
Pole sana, mwanangu. Usianzie kwenye barua pepe. Mtafute mtu ambaye mchungaji anamheshimu, kama mkuu wa jimbo mstaafu, awe mshenga kati ya pande mbili. Nabii Nathani hakumwendea mfalme Daudi na mashtaka; alimletea kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, Daudi akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Wageni nao waelezwe kwamba "tutaliangalia" ya mzee aliyebanwa hadharani si kukiri wizi, bali ni kuomba nafasi ya kusema faraghani.

Mama Mchungaji
Nakubaliana na mzee, ila Nathani huyo huyo hakuishia kwenye kisa, bali alimwambia Daudi waziwazi kwamba tajiri yule ni yeye. Fedha ya kisima iliyokwenda kwenye bati ni lazima iandikwe, kwa kuwa kumsitiri ndugu si kuficha hesabu. Kiongozi yule wa wageni atasimama mbele ya washarika wake, na baadhi yao wametoa katika uhaba wao. Akikosa jibu, ataaibika yeye. Mchungaji aambiwe hivyo. Mume wangu, ambaye pia ni mchungaji, alilainika siku alipotambua kwamba mgeni naye alikuwa akiikimbia aibu.

Katibu wa Ushirikiano
Asanteni sana. Sikuwa nimefikiri kwamba mgeni wetu naye ana watu wa kuwajibu. Jumamosi nitakwenda kwa mkuu wa jimbo mstaafu, na nitamwomba fundi aliyeezeka aniandikie idadi ya bati na gharama zake.