Tupeane uzoefu: umeambiwa "huenda ni saratani ya damu, turudie vipimo". Mlipitaje hapo?

Binti Mwalimu
Wakuu, habari za humu. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa miaka 67 hapa Morogoro, alikwenda kupima tu kabla ya upasuaji wa ngiri. Hana homa, hajakonda, shamba analima mwenyewe. FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu) ikarudi na seli nyeupe 24,000 wakati kawaida hazivuki elfu 11 hivi, na nyingi kati ya hizo ni limfositi, aina mojawapo ya seli nyeupe. Daktari akasema huenda ni CLL, saratani ya damu inayokwenda polepole, lakini hawezi kuthibitisha mpaka damu ipelekwe Dar kwa kipimo kikubwa zaidi.

Tangu siku hiyo nyumbani hakuna anayelitaja neno lenyewe. Mama anasema "yale mambo ya damu". Shangazi keshaanza kuulizia ng'ombe yupi auzwe. Mzee mwenyewe katulia kuliko sisi wote, na utulivu wake ndio unaonitisha. Ushauri wa tiba sitafuti, daktari yupo. Nataka kuwasikia waliokaa kwenye kusubiri huku: mliambiwa nini, mkafanyiwa nini, ikaishia wapi. Hata kama haikuishia vizuri, semeni.

Fundi Bomba
Pole dada. Mimi ni CML, saratani nyingine ya damu, huu mwaka wa tisa naelekea wa kumi. Nilikuwa nashiba upesi, vijiko vichache tumbo limejaa, na chini ya mbavu za kushoto pagumu. Nilimezeshwa dawa za malaria, za taifodi, za vidonda vya tumbo. Kuja kupima FBP, seli nyeupe zimevuka laki mbili! Yule wa maabara alirudia akidhani mashine ina hitilafu.

Kipimo kilichothibitisha kinaitwa BCR-ABL. Wanatafuta kama kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Damu ya mkononi tu inatosha. Nikaanzishiwa imatinib. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na wengi wa nchi zetu tuliipata bure kupitia mpango wa Novartis, kampuni inayoitengeneza, na shirika la Max Foundation. Lakini kuingia kwenye mpango ilibidi uwe na hayo majibu mkononi. Kuna niliokaa nao benchi moja waliokata tamaa kwa sababu ya nauli kabla ya kipimo hicho, na bila karatasi hiyo hakuna dawa. Msiishie njiani.

Dawa yenyewe inavumilika. Asubuhi macho yanavimba, usiku misuli ya miguu inakaza. Bomba natengeneza kama kawaida.

Nyota ya Kisauni
Assalaam alaykum. Mimi niko Mombasa, nami nilianza kwa ganzi ya nyayo. Nikaagiziwa kipimo cha protini za damu, ikaonekana kuna moja imezidi isivyo kawaida yake. Daktari wa damu akanambia yaweza kuwa mieloma, saratani ya damu ianzayo kwenye uboho ndani ya mifupa, yaweza pia kuwa hali iitwayo MGUS ambayo bado si saratani. Wakapima figo, kalsiamu, wakapiga picha mifupa, kisha wakasema wataka uboho.

Hapa nitasema kweli maana watu huficha. Walala kwa ubavu, wachomwa ganzi nyuma ya nyonga, na hiyo sindano ya ganzi yenyewe yawasha. Baadaye wasikia kusukumwa tu. Penye kazi ni pale uboho unapovutwa. Ni sekunde chache, lakini ni kama mguu mzima wanyonywa kwa ndani. Nilimwita mamangu, na mamangu ni marehemu. Kisha basi, yamekwisha. Nikarudi nyumbani na tuktuk, nimekalia upande mmoja.

Seli za plasma, zile zitengenezazo hiyo protini, zilikuwa chini ya asilimia 10, ile protini haikufika gramu 30 kwa lita, figo na mifupa salama. Ikawa MGUS. Nikaambiwa kila mwaka takriban mmoja kati ya mia wenye hali hii ndiye anayeingia kwenye mieloma au ugonjwa wa jamii yake. Mume wangu akashukuru Mungu. Mimi nikajiona ndiye huyo mmoja, na mpaka leo wiki ya kupima silali. Mwacheni babako na utulivu wake, wengine twautafuta hatuupati.

Msukuma wa Visiwani
Kwetu ilikuwa bandama ya mama. Imevimba, damu imepungua, chembe sahani (zile zinazogandisha damu) chini, mkoani wakasema isije ikawa saratani ya damu. Kikao cha ukoo kikakaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wakapiga ultrasaundi, wakaingiza na kamera tumboni. Kumbe ni kichocho cha miaka mingi. Mama kakulia Ukerewe, maji ya ziwani kufulia, kuogea, kila kitu. Tukashangilia, mpaka daktari akatuambia ini limeshapata makovu na mishipa ya koo la chakula imevimba, siku ikipasuka atatapika damu. Praziquantel, dawa ya kichocho, alipewa, mishipa ikafungwa, kliniki anaendelea. Kwa hiyo kusikia "si saratani" kusiwafanye mkafunga faili.

Zamu ya Usiku
Niko maabara. Limfositi kupanda peke yake si hukumu, hata virusi huzipandisha. Kwa mzee, zikikaa juu kwa miezi, ndipo tunaiwaza CLL. Vigezo vyake ni hivi: limfositi B zisizopungua 5,000 kwa mikrolita, zidumu angalau miezi 3, na zionekane zimezaliwa na seli moja. Hilo la mwisho ndilo flosaitometria, kile kipimo kikubwa cha Dar, inalokwenda kutazama.

Dada, pekueni majibu yake ya zamani, hata ya mwaka juzi. Namba ya jana peke yake haisemi mwendo. Ombeni pia slaidi isomwe kwa darubini, maana kwenye CLL huonekana seli zilizopondeka wakati wa kupaka damu kwenye kioo. Damu inakwenda kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau na isilale njiani. Ukiituma Ijumaa jioni umeitupa. Na uboho kwa CLL mara nyingi hauhitajiki ili kuthibitisha, msianze kumtisha mzee.

Mti Dawa
Majani ya mstafeli, chemsha, asubuhi na jioni. Watu wamepona.

Zamu ya Usiku
Mkuu, hata ugonjwa haujajulikana, amepona nini? Akinywa hayo na vipimo vya ini vikibadilika wiki ijayo, daktari ataanza kutafuta kitu kisichokuwepo.

Binti Mwalimu
MREJESHO. Asanteni wote, nimewasomea mama na mzee. Tulipata FBP yake ya miaka miwili nyuma kwenye bahasha ya vyeti, na limfositi zilikuwa zimeshaanza kupanda.

Majibu ya Dar yametoka, ni CLL kweli. Tezi hazijavimba, bandama ya kawaida, hemoglobini na chembe sahani ziko sawa, kwa hiyo wanaihesabu hatua ya 0 ya Rai, yaani ya mwanzo kabisa. Dawa hapewi. Daktari kasema kuwaanzishia mapema wasio na dalili kulishajaribiwa na hakukuwaongezea maisha. Ataangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, na wanachongoja ni dalili: jasho jingi la usiku, kukonda, tezi, damu kushuka.

Hili ndilo gumu kulieleza nyumbani. Shangazi anauliza ni saratani gani isiyopewa dawa, anaamini tumenyimwa kwa kuwa hatuna hela. Mzee aliuliza swali moja tu: "Na ngiri yangu je?" Ngiri itafanyiwa upasuaji kama ilivyopangwa.

Kaambiwa pia apate chanjo ya nimonia na ya mafua, maana kinga ya wenye CLL hupungua, ila aepuke chanjo zenye virusi hai. Mwenye kujua chanjo ya nimonia ya watu wazima inapatikana wapi Morogoro au Dodoma, na bei yake, naomba aniandikie.