Mkate wa kumimina unabonyea katikati na chini unaungua. Nakosea wapi?

Binti_Ng'ambo
Assalaam alaykum wana jamvi. Naomba mnisaidie kwenye mkate wa kumimina. Ijumaa baada ya Isha kuna wageni kama kumi wanakuja kunywa kahawa barazani, na mkate ndio kitafunwa chenyewe. Kila ukipikwa unatoka na kasoro zile zile: katikati umebonyea kama kisosi, ukiukata ndani mna tabaka la ugali ulioshikana, na chini umeshaungua.

Vipimo vyangu ni mchele vikombe 2 uliolala kwenye maji, tui vikombe 2, sukari kikombe 1, hamira vijiko 2 vya chai na hiliki. Nasaga kwenye blenda, naacha uumuke masaa matatu, kisha namimina kwenye sufuria nyembamba juu ya jiko la gesi, nafunika, moto mdogo. Hamira nimebadilisha mara mbili, hakuna tofauti. Na mwenye vipimo vya kahawa ya watu kumi anipe pia, nitashukuru sana.

Bi_Kirembo
Waalaykum salaam mwanangu. Iache hamira, haina kosa. Kosa la kwanza ni tui. Mchele uliolala ndani ya maji umeshakunywa maji yake, sasa ukiutilia vikombe viwili vizima vya tui unakuwa uji. Na mchele si kama ngano, hauna ule mvutano wa kushika hewa. Kinachoshika mapovu ya hamira ni uzito wa rojo lenyewe. Likiwa jepesi, mapovu yanapanda juu yanapasuka, na chenga za mchele zinazama. Huo ugali unaouona chini ndizo hizo chenga.

Kwa sufuria ya upana wa sentimita 22, tumia hivi: mchele vikombe 2 (kama gramu 400), kasimile (lile tui zito la kwanza) kikombe 1 na robo, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai cha kusawazisha, hiliki punje 8 zilizotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na ute wa yai moja. Nazi mbili za wastani zinatosha. Zikune, tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja tu, kamua kwa kifumbu. Tui la pili usilichanganye humu, lipeleke kwenye mchuzi wa samaki.

Mchele uoshe mpaka maji yawe safi, uroweke masaa sita mpaka manane. Ukizidisha, kwa joto letu hili unaanza kuchachuka na mkate utakuwa na ukakasi. Kisha mwaga maji, suuza, uache kwenye chujio robo saa nzima. Hapa ndipo watu wanapofanya haraka. Maji yanayobaki katikati ya punje ni mengi kuliko yanavyoonekana, nayo ndiyo yanayoharibu kipimo cha tui.

Saga kwa mafungu, usiijaze blenda. Kila baada ya dakika moja zima, kwangua pembeni, washa tena. Halafu chukua tone la rojo kati ya kidole gumba na cha shahada, lisugue. Ukihisi mchanga, bado. Likiteleza kama poda iliyolowa, limekwisha. Blenda ikisaga sana inapata moto na rojo nalo linapata moto, kwa hiyo hamira itie mwisho, rojo likiwa la vuguvugu ambalo kidole kinakaa ndani bila kuungua. Hamira ikikutana na moto inakufa.

Kabla ya kuliacha liumuke, inua rojo kwa upawa ulimwage. Linatakiwa lishuke kama utepe usiokatika, na ule utepe ukae juu ya uso kidogo ndipo uzame. Likimwagika kama maziwa limezidi tui. Likidondoka mabonge, ongeza tui kijiko kimoja kimoja cha mezani.

Kijana_wa_Chake
Bi Kirembo kasema yote ya tui. Mimi nashika hayo masaa matatu. Hapo ndipo katikati panapobonyea, dada. Hamira vijiko viwili na masaa matatu, rojo linapanda mpaka linachoka. Mapovu madogo yanaungana yanakuwa makubwa, makubwa hayana nguvu, likiguswa na moto tu yanaporomoka. Wakati wa kaskazi dakika 40 mpaka 50 zinatosha kabisa. Kipupwe ndiyo unaweza kufika saa moja na robo.

Usitazame saa peke yake. Bandika kipande cha utepe nje ya bakuli mahali rojo lilipoanzia. Likikaribia mara mbili yake, uso umejaa vipovu vidogo vidogo na katikati pamevimba kidogo, mimina hapo hapo. Ukiona rojo limeacha ufito ukutani mwa bakuli juu ya usawa wake, maana yake lilikuwa juu na sasa linashuka, wakati umepita. Hilo usilimwage, lichomee vitumbua. Kitumbua ni kidogo, kinaiva kabla hakijapata nafasi ya kuporomoka.

Na ukishaumuka usikoroge! Wengi wanatia sukari wakati huo, au wanakoroga ili hiliki ichanganyike. Kila kitu kiingie kabla, isipokuwa ute wa yai. Ute upige kando kwa uma mpaka utoe povu jeupe, uukunje ndani ya rojo kwa mwiko mara nne au tano, kisha mimina.

Karafuu5
Kwenye ute wa yai naomba nitofautiane kidogo. Si lazima. Mkate wa mchele, tui na hamira unasimama wenyewe kama rojo ni zito na limesagwa laini. Ute unasaidia vitundu visimame na mkate uwe mwepesi, lakini ukiwa mwingi, tuseme wa mayai mawili, mkate unakuwa na mpira mpira na harufu ya yai inaifunika nazi. Kiini ndiyo usitie kabisa, kinaugeuza rangi na kuufanya mzito.

Sukari nayo, dada, uisikilize hiyo robo tatu. Kikombe kizima kinaivuta hamira nyuma, na sukari inayotua chini ndiyo inayoungua kwanza. Wageni watakunywa kahawa chungu, kwa hiyo utamu unatakiwa usikike, lakini mkate usiwe halua.

Shangani_Jikoni
Sasa moto, maana hapa ndipo kazi nzuri ya jikoni inapoharibika dakika ya mwisho.

Mkate wa kumimina unataka moto wa chini na wa juu. Kwenye seredani, yaani jiko la makaa, mambo ni mepesi: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, unaupalia. Uwiano wa theluthi moja chini na theluthi mbili juu unafanya kazi. Sababu ya kuzidisha juu ni kwamba chini mkate unagusa chuma moja kwa moja, juu unapata joto la hewa tu.

Kosa lako, Binti, ni kufunika tangu mwanzo kwa kifuniko baridi. Mvuke unapanda, unagota kwenye kifuniko, unakuwa maji, unadondoka juu ya mkate. Yale maji yanazima vitundu vya juu na kuacha uso wenye vidimbwi vyeupe. Kifuniko chenye makaa ni cha moto, kwa hiyo mvuke haugeuki maji pale.

Sufuria iwe nzito. Kama huna, tia chuma cha chapati juu ya jiko la gesi, sufuria ikae juu ya hicho chuma, moto utatawanyika. Paka samli chini na pembeni mpaka juu, acha sufuria ipate moto wa wastani. Dondosha tone la rojo: likichirizika na kuganda papo hapo bila kubadilika rangi, mimina lote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana ukaitwa wa kumimina. Lisivuke theluthi mbili za kina cha sufuria. Acha wazi dakika 8 mpaka 10, moto mdogo. Utaona ukingo unakauka na kujivuta kutoka ukutani, halafu vitundu vinaanza kufunguka kutoka pembeni kwenda katikati. Vikifika karibu na katikati, na uso bado una unyevu kidogo, hapo ndipo unapohama kwenye moto wa juu. Palia makaa kwenye kifuniko dakika 15 hivi mpaka uwe wa hudhurungi. Mwenye oveni autie chini ya moto wa juu dakika 5 mpaka 8, asiondoke hapo, maana unaungua ghafla.

Kijiti kikitoka kikavu umeiva. Usiupindue bado. Uache ndani ya sufuria dakika 15, pitisha kisu pembeni, kisha pindua. Mkate wa mchele ukiwa wa moto ndani bado unanata, ukiukata mapema utadhani haujaiva.

Binti_Ng'ambo
Mungu awalipe kila la kheri. Masuala mawili. Nyumbani kuna mchele wa mapembe, utafaa au ninunue basmati? Na nikikosa nazi nzuri, tui la paketi linakubali? Oveni sina, nitatumia kifuniko cha makaa.

Bi_Kirembo
Mapembe yanafaa, yaroweke tu vya kutosha. Basmati inatoa mkate mweupe zaidi wenye harufu, ukipenda changanya nusu kwa nusu. Wa kuuepuka ni mchele mpya unaonata ukipikwa, na ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa. Wa kwanza unafanya ugali, wa pili hausagiki laini hata ukeshe nao.

Tui la paketi linakubali, ila litikise sana, mafuta yake yamejitenga juu. Mara nyingi ni zito kuliko kasimile ya mkono, kwa hiyo tumia kikombe kimoja cha tui na robo kikombe ya maji ya vuguvugu. Harufu ya nazi itapungua. Nazi nzuri unaijua kwa mkono: itikise, isikike maji yanacheza ndani, na yale macho yake matatu yawe makavu. Macho yakiwa na ukungu au unyevu, imeshaoza.

Mdila
Kahawa niachieni mimi. Finjani ni mililita 50 mpaka 60. Mtu mmoja barazani, mazungumzo yakikolea na dhumna ikishuka, anakunywa nne. Watu kumi, finjani arobaini, basi pika lita 2 na nusu.

Kahawa ya unga gramu 150, yaani gramu 60 kwa lita. Buni za Bukoba zinatoa uzito na uchungu, za Kilimanjaro zinatoa harufu na uchachu kidogo. Ukiweza kununua buni ukakaanga mwenyewe, changanya theluthi mbili za Bukoba na theluthi ya Kilimanjaro. Kaanga kwa moto wa wastani, mkono usisimame, mpaka ziwe za rangi ya chokoleti iliyokoza. Zikianza kung'aa mafuta juu, epua upesi uzimwage kwenye ungo zipoe, kwa sababu zikibaki kwenye chuma zinaendelea kuungua zenyewe. Twanga zikiwa baridi. Unga uwe kama chenga za sembe, usiwe vumbi, vumbi halitui.

Maji yachemke kwanza na tangawizi kavu iliyopondwa kipande cha kidole kimoja na hiliki 12, dakika tano. Karafuu ukipenda, mbili tu. Ya tatu inafanya ulimi ufe ganzi na kahawa isisikike. Kisha tia kahawa. Ikipanda juu, epua ishuke, rudisha. Fanya mara tatu. Mwisho nyunyiza maji baridi vijiko viwili juu yake na iache dakika kumi, masimbi, yale machicha ya kahawa, yatatua. Mimina taratibu kwenye dele (birika la kahawa) bila kuyagusa ya chini.

Kosa kubwa ni kuiacha ikichemka muda wote wageni wapo. Inakuwa na uchungu wa dawa. Watazame wauza kahawa wa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe Unguja: dele liko juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na jivu, kahawa ni ya moto lakini haitoi hata povu. Na usitie sukari. Mwenye kutaka tamu ana mkate na kashata mkononi.

Karafuu5
Kashata za njugu ni za haraka, ziandae Alhamisi. Njugu zilizokaangwa na kupepetwa maganda kikombe 1 na nusu, sukari kikombe 1, maji robo kikombe. Chemsha sukari na maji bila kukoroga, ukikoroga inarudi kuwa chenga. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likiganda gumu na kuvunjika kwa sauti, tia njugu, geuza haraka, mwaga kwenye sinia iliyopakwa samli. Kata ikiwa bado ya moto, ikipoa inapasuka inavyotaka yenyewe.

Binti_Ng'ambo
Nimeandika yote. Saa ngapi nianze Ijumaa ili mkate usiwe wa moto wala haujakauka?

Bi_Kirembo
Roweka mchele asubuhi saa 2. Saa 9 alasiri chuja na usage, saa 10 na robo umimine, saa 11 uwe umeshaepua. Mpaka Isha umepoa vyema. Ukishapinduliwa usiufunike kwa sahani, utatoa jasho na ganda la juu litalegea. Utandazie kitambaa safi cha pamba. Kisu cha kukatia kipake samli kidogo na ukifute kila baada ya vipande viwili. Ukibaki, usiulaze nje, una tui. Utie kwenye friji, na asubuhi upashe kipande kimoja kimoja kwenye chuma kikavu, upande wa ganda chini, moto mdogo.