Mtu hajalala saa 22, akikosea mnasema hana maadili!

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha nidhamu nikiwa mjumbe, na mpaka sasa natetemeka kwa hasira.

Mwenzetu wa zamu ya usiku alijaza kwenye daftari kwamba amekagua mitambo mara sita, kumbe alikagua mara mbili. Ni kosa, na mwenyewe amekiri. Kilichonichoma ni kwamba tulikaa karibu saa nzima tukijadili malezi yake, uaminifu wake, hata namna anavyoitikia salamu, na hakuna aliyeuliza alilala lini. Nilipouliza mimi ndipo ikajulikana: alimaliza zamu ya mchana, mtu wa usiku akaugua, akaambiwa aunganishe. Saa 22 macho. Tena ilikuwa mara ya tatu mwezi huo!

Jibu nililopewa: "Sote tunachoka, mbona sisi hatudanganyi?" Anayesema hivyo analala kwake kila siku.

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba ukikaa macho saa 17, utendaji wako unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukifika saa 24 ni kama asilimia 0.1, kiwango ambacho dereva akikutwa nacho ananyang'anywa usukani. Angekuja amelewa tungemrudisha kutoka getini. Huyu tulimbakiza sisi wenyewe!

Na msiniambie uchovu ni kisingizio. Mkubwa mmoja pale alipomtukana karani mbele ya watu, hao hao wajumbe walisema, "Msameheni, mzee ana mambo mengi, hajapumzika." Kwa nini uchovu wa bosi unaombewa msamaha, wa mtu wa chini unaitwa tabia mbaya?

Sisemi kila kosa lifutwe. Anayechota fedha kidogo kidogo miezi sita amepanga, ashughulikiwe. Lakini mtu aliyesinzia wima, akaandika namba ili kukuche tu, utampimaje bila kuigusa ratiba iliyomfikisha hapo? Na ratiba ile imesainiwa na huyo huyo aliyekalia kiti cha mwenyekiti leo.

Wanataka kumfukuza, uamuzi ni Jumatatu. Nimeomba kwa maandishi ratiba ya zamu iingizwe kwenye ushahidi, nimeambiwa "haihusiani". Aliyewahi kuilazimisha ikaingia aniambie alifanyaje, na aniambie kabla ya Jumatatu.