Calderón asomwe kwa jicho la jinsia, au aachwe na sanaa yake?

Mleta mada: Wakuu, kuna ubishi usioisha kati ya walimu wa fasihi ya Kihispania. Wapo wanaotaka kazi za karne ya 17 zifundishwe kwa kuangalia jinsia na historia. Wengine wanasema huko ni kugeuza fasihi kuwa somo la uraia. Mimi niko na wale wa kwanza, na ushahidi wangu ni tamthilia ya Calderón, mwandishi wa Kihispania wa karne hiyo, El médico de su honra (yaani "Tabibu wa heshima yake").

Gutierre anamshuku mkewe Mencía. Anamkuta akimwandikia barua Enrique, ndugu wa mfalme, kisha Gutierre anamwachia Mencía ujumbe kwamba amebakiza saa mbili za kuishi. Usiku anamleta tabibu aliyefunikwa uso, anamlazimisha amtoe Mencía damu mpaka afe. Mfalme anajua yote. Hamwadhibu, anamwoza mke mwingine, Leonor.

Tamthilia ilichapishwa 1637. Mwaka huohuo, mjini Zaragoza, mwandishi mwanamke María de Zayas alitoa hadithi zake, na kwenye utangulizi akadai wasichana wangepewa vitabu na walimu badala ya kushona, wangefaa kushika vyeo na kufundisha vyuoni sawa na wanaume. Kwa nini darasa lisome mmoja tu?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, wasomwe wote, sina neno. Ila Calderón umeshamweka kizimbani. Ile barua inamwomba Enrique asiondoke, watu wasije wakasema amekimbia kwa sababu ya Mencía. Mtazamaji anajua hana hatia, mume hajui: utamu wote uko hapo. Ukiingia darasani na "mfumo dume" mdomoni, mwanafunzi atalinakili kwenye mtihani apate maksi zake bila kusoma hata mstari.

Mchangiaji wa pili: Na msidhani ni mambo ya kale. Sheria ya adhabu ya Hispania ya 1944, enzi za dikteta Franco, ilimpa mume aliyemfumania mkewe na kumuua adhabu ya kuhamishwa tu eneo lake. Kifungu hicho kilifutwa 1963! Kwenye uchoraji ndio usiseme: Prado, jumba la makumbusho ya sanaa la Madrid, ilifunguliwa 1819, maonyesho ya kwanza ya mchoraji mwanamke peke yake, Clara Peeters, yakaja 2016.

Mleta mada: Mchangiaji wa kwanza, barua hiyohiyo inanibeba mimi. Mencía anaandika ili alinde jina lake, na kuandika ndiko kunakomponza, maana mume amesoma mwanzo tu akahukumu. Wanafunzi wavivu wa kunakili wapo kwa kila mbinu. Hata wa vina na mizani wanakariri.

Mimi ningeanzia mwisho. Gutierre anamwonya Leonor kwamba mkono anaompa umelowa damu. Leonor anajibu kwamba hilo halimtishi. Huyu ndiye mwanamke ambaye Gutierre aliwahi kumwahidi ndoa akamtelekeza, jina lake likachafuka mji mzima. Kwa nini anaupokea mkono ule? Mwenye jibu lisilogusa jinsia wala historia aliweke hapa, tulijadili.